Nusu Yangu ya Mlima

Wasomaji wangu, mnisamehe kwa mwandiko huu unaopanda na kushuka, na kwa maneno niliyoyakosea. Niliishia darasa la nane, na kalamu yangu huenda polepole.

Juzi nilipita sokoni Kondele, harufu ya mapera yaliyoiva ikanisimamisha. Kwanza niliona wivu, kama zamani. Kisha ikafuata aibu, na hiyo aibu ndiyo imenikalisha niandike.

Sisi ni pacha. Dada yangu alitangulia kuzaliwa, ndiyo maana anaitwa Apiyo. Mimi nilimfuata, nikaitwa Adongo. Kwetu Asembo Bay pacha hawabaguliwi. Mmoja akishonewa rinda, mwenzake hushonewa la kitambaa kilekile, la sivyo aliyenyimwa ataugua. Wazee waliamini hivyo, na Mama aliamini kuliko wazee wenyewe.

Tulipokuwa na miaka tisa, kanisa letu lilipanga safari ya siku moja kwenda Kakamega, kuona msitu na kupanda mlima ulio ndani yake. Ili uende, ilibidi usimame mbele ya watu useme zaburi kwa moyo. Mimi ndiye niliyemfundisha Apiyo ile zaburi, tukianika omena, wale dagaa wa ziwani. Lakini niliposimama, sauti ilikataa kutoka. Apiyo akaisema yote bila kumeza mate.

Asubuhi ya safari Mama alimshika Apiyo mkono mlangoni mwa basi.

"Wewe, sikiza. Kila kitu utakachopata huko, nusu ni ya mwenzako. Umesikia?"

"Ndiyo, Mama."

"Hata maji?" akadakia Akoth, mtoto wa jirani, kichwa dirishani.

"Hata maji! Na wewe funga hiyo mdomo."

Watu wakacheka. Mimi nilimwomba Mungu gurudumu lipasuke.

Halikupasuka. Kutwa niligeuza omena juani, nzi wakinizunguka, huku nikimwona Apiyo kivulini chini ya miti mirefu, tumbili wakimchezea.

Jioni alirudi na mfuko. Ndani mlikuwa na nusu mkate, nusu soda iliyokwisha gesi, na nusu pera lenye alama za meno yake.

"Na mlima?" nikamwuliza. "Nusu yangu ya mlima iko wapi?"

Akainama, akaanza kuvua viatu. Nikadhani ni maringo. Pera nikawatupia kuku mbele ya macho yake, na wiki nzima tulilala tukipeana mgongo.

Miaka ikapita. Mwaka jana Akoth alikuwa akinisuka, akaanza kucheka peke yake.

"Apiyo alitutesa siku ile! Tulifika katikati ya mlima, akaketi juu ya jiwe. Mwalimu wa kanisa akambembeleza, akamvuta, wapi! Ati, 'Mimi nimemaliza nusu yangu. Hiyo ingine ni ya Adongo.' Tukamwacha hapo na mama mmoja, sisi tukapanda."

Nilimwomba aache kusuka kidogo.

Nilikuwa nimemwonea wivu miaka yote hiyo kwa kilele ambacho hakukiona. Alikuwa ameniachia sehemu iliyo nzuri zaidi, ila hakujua angeibebaje hadi nyumbani. Nami nikamdai, tena kwa ukali.

Nilimpigia simu Kisian, alikoolewa, nikamwambia nimejua. Akasema, "Na pera langu ukawapa kuku, wewe!"

Mpaka leo hakuna kati yetu aliyefika juu. Kama wewe umefika, tafadhali niandikie huonekana nini kutoka kule. Sitaifungua barua yako mpaka Apiyo awe ameketi karibu nami.