Baba Mkwe Aliyeninyima Marahaba

Baba mkwe wangu, Hezroni, alikuwa mfungua ndiva wa kijiji chetu, juu huku milimani Same. Ndiva ni bwawa letu la maji ya mashamba. Yeye ndiye aliyelifungua asubuhi na kumpa kila mtu zamu yake. Aliipenda kazi ile kuliko chakula.

Mwaka wa sabini na tano nikamchukia, sisemi uongo. Kwetu mke wa mwana hampigii baba mkwe kelele njiani. Unatoka kando, unainama, unangoja akuone, ndipo unaamkia. Basi nasimama kando, mzee anapita zake kama hakuna mtu! Wiki nzima. Nikasema, haya, cheo kimempanda kichwani. Kinamama wengine nao wakalalamika vilevile, na mimi mdomo wangu haujui kutulia: nikampelekea maneno Mwenyekiti Asheri. Mkutano wa kumvua kazi ukapangwa.

Kabla ya siku hiyo mzee akatumbukia mferejini, mchana kweupe. Mume wangu alikuwa mbali, kwenye mashamba ya mkonge, kwa hiyo nikateremka na mzee mimi mpaka Same mjini kwa daktari wa macho, huku nimenuna.

Daktari akampima presha ya macho. "Ya kawaida," akasema. Mzee akachukua kofia yake aondoke.

"Kaa kwanza, mzee."

Akammulika ndani ya jicho. Mshipa wa fahamu wa jicho umelika, akasema, na ukingoni mwake pana kidoa cha damu. Akamuuliza kama tangu utotoni haoni mbali. Mzee akakubali.

"Macho ya namna hiyo mshipa wake huweza kuharibika hata presha ikiwa ya kawaida. Mbele unaona. Kando kumepotea, na hakutarudi. Nitakupa dawa ya matone tujaribu kulinda kilichobaki."

Kando! Jamani, nilitamani ardhi inimeze.

Mkutanoni nikasimama, nikasema mbele ya wote kwamba nimemchongea mgonjwa. Nikaomba aachiwe kugawa maji, maana zamu zote anazo kichwani. Kupita mferejini nitapita mimi. Wakabishana weee, mwisho wakakubali.

Tulipotoka, mzee akaniuliza, "Kwani Rahabu, ulikuwa unasimama upande gani?"

"Kushoto, baba."

Akageuza kichwa polepole mpaka akanipata.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Za siku zote zile."

Nami siku hiyo hata shikamoo nilikuwa sijampa.