Mama Lastri na Kibao cha Saruni

Mama Lastri ameuza saruni mbele ya hekalu letu miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo sijamsikia hata siku moja akianza na bei ya kweli. Nina ushahidi, maana nauza madafu kibanda cha pili. Watalii wakishuka tu kwenye basi, anawakabili na saruni mbili begani na Kiingereza chake cha mdomoni: "Wewe! Hekaluni huingii hivyo! Miungu haipendi magoti!" Mgeni anayatazama magoti yake, anaona haya, anatoa laki moja na nusu kwa kitu ambacho mimi ningekipata kwa rupia elfu arobaini. Mauzo ya kwanza yakishapatikana, anaipigapiga ile noti juu ya nguo zote ili bahati isambae, kisha anamvamia mwingine.

Jambo asilowaambia ni kwamba ndani ya lango kuna saruni za kuazima, bure kabisa ukishakata tiketi. Siku moja nilimgusia.

"Kwani wameniuliza?" alinijibu.

Basi akaja Hilde, msichana wa Norwe, mrefu kupita mlango wa shule yetu ya msingi, aliyejitolea kufundisha Kiingereza kwa miezi mitatu. Mama Lastri aliposikia kwamba huyu binti amelipa nauli mwenyewe, na bado akalilipa shirika lililomleta, ili aje afanye kazi bure, ilibidi akae chini.

"Kaka," aliniambia, "halafu mimi ndiye wanayeniita tapeli?"

Jumapili yake ya kwanza Hilde alitoka kutembelea mahekalu, na la kwanza likawa letu. Hajafungua mdomo, tayari ana saruni ya zambarau kiunoni. Akataja nusu ya bei, kama vitabu vya wasafiri vinavyoshauri. Mama Lastri akashika kifua, akalia kwamba mwanawe atakufa njaa. Mwanawe ni huyo Lastri, karani wa benki mjini Denpasar, na kwa mwili alionao njaa itabidi imtafute kwa muda mrefu. Wakavutana mpaka laki moja. Hilde akalipa kwa tabasamu la ushindi, akapita langoni, akakutana uso kwa uso na kikapu kikubwa cha saruni za bure.

Hakurudi kugomba. Watu wa kwao hawagombi, wanaandika. Alhamisi darasa la tano zima likaja kwa mstari na kibao, wakakisimika pale mabasi yanaposimama. Kiingereza safi, kimezungushiwa maua ya rangi: *Saruni ni bure ndani ya hekalu. Karibuni.*

Sasa, Mama Lastri Kiingereza anakisema, kukisoma hajui. Shule aliiacha darasa la tatu. Siku nzima aliwaona watalii wakisimama, wakisoma, wakimpita kwa tabasamu la upole kama wanampita mgonjwa. Saa tisa akanijia.

"Pale kumeandikwa nini?"

Nikamwambia. Nilitegemea kelele, na nilishaanza kusogeza madafu yangu. Lakini alisimama tu akikitazama kibao.

"Asubuhi nilikiwekea sadaka ya maua," alisema. "Nilidhani ni cha kuwakaribisha wageni."

Kesho yake aliingia darasa la tano, akakaa dawati la nyuma, magoti yakigusa kidevu. Nilimfuata, nikachungulia dirishani. Madafu yanaweza kujiuza yenyewe.

"Mama, mimi hapana taka gomba," Hilde alisema kwa lugha yetu, ambayo anaikanyaga kama mtu anayevuka mto juu ya mawe.

"Sijaja kugomba, mwanangu. Kibao chako ni kifupi mno, ndiyo shida."

"Fupi, lakini kweli."

"Nusu ya kweli. Hizo za ndani zinavaliwa na watu wangapi kwa siku?"

Hilde akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Mia nne. Na zinafuliwa lini?"

Hilde alikuwa ameshaanza kujikuna kiuno, ingawa hizo za ndani hajawahi kuzivaa.

"Jumamosi," Mama Lastri alisema. "Kama hakuna mvua. Andika."

Hilde akafikiri. "Sawa. Lakini Mama pia andika bei."

"Bei haiandikwi! Bei inazungumzwa!"

"Hapana bei, hapana Jumamosi."

Watoto walikuwa wamepanda juu ya madawati. Mama Lastri akataja laki, Hilde arobaini. Mama Lastri akainuka kuondoka, Hilde akamwacha aondoke, Mama Lastri akarudi mwenyewe kutoka mlangoni. Wakamalizia elfu sitini. Hilde akayaandika ubaoni, na Mama Lastri akaomba asomewe neno moja moja huku akifuata kwa kidole, na kengele ya mapumziko ilipolia alikuwa anasoma jina lake na yote yanayolizunguka.

Kibao kipya kikasema: *Saruni za ndani ni bure. Watu mia nne kwa siku. Hufuliwa Jumamosi. Za Mama Lastri ni mpya, elfu sitini.*

Siku ya kwanza aliishiwa bidhaa kabla ya saa sita. Lakini raha hana. Watu wanaweka noti mezani kimya kimya kama wanalipia umeme. Siku ya tatu nilimshuhudia akimrudishia Mjerumani mmoja noti yake: "Hapana! Kwanza sema hamsini!"

Kisha akaja kuhani wa hekalu, ambaye wote tunamwita Jero, mavazi meupe pee kuanzia kilemba mpaka miguuni, na hasira juu yake.

"Mama Lastri, umelitukana hekalu."

"Sijalitukana, Jero. Nimetaja siku ya kufua."

"Miungu inaona!"

"Basi na ifue."

Likaitishwa baraza la kijiji. Wazee walitaka kibao king'olewe, wake zao walitaka kujua kwa nini Jumamosi tu. Wanawake hawakurudi nyuma, na mwishowe ikakubaliwa saruni zifuliwe kila siku, kwa malipo kutoka kwenye tiketi. Nani atafua? Wazee wakawatazama wake zao, wake zao wakatazama paa. Mama Lastri aliwaacha watazamane, kisha akataja mshahara wa ajabu, na uso wake ukawaka kwa mara ya kwanza tangu zile elfu sitini. Jero alipambana naye saa nzima, akatoka amelowa jasho.

Siku hizi, kila asubuhi, kamba ndefu ya saruni hupepea nyuma ya hekalu, na watalii wameanza kuipiga picha. Juzi bibi mmoja mwenye kofia pana alimkuta Mama Lastri akianika, akamuuliza kwa heshima ni ibada gani hii. Mama Lastri akamwambia asogee, anamzibia jua.