Uzushi Uliotaka Kuvunja Posa ya Shangazi

Enzi zetu pale Shella, Malindi, miaka ya themanini, neno "uzushi" lilikuwa zito kuliko tusi. Ukileta habari nyumbani, nyanya alikukata kwa swali: "Umeona au umesikia?" Ukijibu umesikia, ulirudishwa kwa aliyekwambia, na mahamri yako yapoe. Si kila uongo ulikuwa uzushi, la. Kumrefusha samaki ilikuwa chuku, na chuku tuliicheka yakaisha. Uzushi ni jambo halipo, likaundwa, likamharibia mtu.

Basi shangazi yangu Mwanaisha akaletewa posa na kijana wa kijiji cha Ganda. Halwa ikaliwa, kahawa ikanywewa, shangazi akawa anaimba hata akisugua masufuria. Mara upande wa mwanamume ukanyamaza. Mtaani ikasemwa Mwanaisha ameshaposwa na mwingine, huko mji wa Mambrui. Shangazi akajifungia chumbani, chakula hagusi, na kilio chake tunakisikia ukutani.

Nyanya akavaa buibui. "Uzushi una miguu," akasema. "Tutaufuata nyayo."

Tukamwandama watoto wote, kama tunasindikiza arusi. Tukaanza kwa Mama Saidi wa mtaani; yeye alisikia kwa muuza kachiri za muhogo. Muuza kachiri akamtaja Bi Zuhura, jirani yetu, aliyekuwa barazani akisuka ukili wa mkeka.

"Zuhura, nani kakwambia mwanangu kaposwa Mambrui?"

"Wee shoga! Si wewe mwenyewe? Siku ile arusini ulitwambia Mwanaisha anagombewa mpaka Mambrui!"

Nyanya akakohoa, kikohozi kisicho na mafua. "Mimi nilipiga chuku. Nyinyi ndio mmeigeuza uzushi."

"Haya, kawaambie hivyo Ganda."

Akaenda, jua la utosi. Mamake kijana alimpa dafu, akamsikiliza mpaka mwisho bila kupepesa. Kisha akacheka hadi leso ikamdondoka. "Dada yangu, nasi tuliwaambia kijana wetu ni karani wa kiwanda cha chumvi huko Marereni. Karani wapi! Anabeba magunia."

Nyanya alirudi na habari zote mbili: posa bado ipo, na karani ni mbeba magunia. Shangazi akafungua mlango, macho yamevimba, akauliza kama kuna wali uliobaki. "Karani wa nini?" akasema akitafuna. "Mimi nataka mwenye mabega."

Leo vijana wetu wana simu zinazojua mvua ya Ulaya itanyesha saa ngapi. Binti yangu husambaza habari kabla hajamaliza kuisoma. Nikimuuliza kaitoa wapi, hunitazama kama niliyetoka pangoni. "Imetumwa, Mama." Na nani? Hajui, wala haimkoseshi usingizi.

Juzi msichana wa jirani kazushiwa huko huko kwenye simu, na mchumba wake kaacha kuja. Nikamsikia akilia, roho ikaniuma, nikatoka mbio nikamtetee. Nilipofika njiani nikasimama. Milango yote ilikuwa wazi, watu wameinamia simu zao, na mimi sikujua nipige hodi kwa nani.