Mgono uliopakwa moshi pale Mikumi, na mafundo yaliyolala kushoto

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetubakizia pumzi, akili na macho ya kusomea.

Wakuu, nawasalimu nyote. Mlio wakubwa zangu humu, shikamooni. Mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi, ila hili limenipata mwenyewe na nimeona nisilale nalo. Sijaongeza chumvi, na ninayemtaja ameniruhusu.

Mimi ni mzee wa Kilosa. Nimefundisha madrasa miaka mingi, na kiangazi huwa navua kwenye Mto Mkondoa. Si uvuvi wa kutajirika, ni wa kitoweo. Maji yakipungua tunatega vidimbwini, tunapata kambale na perege, tunashukuru.

Masika ni habari nyingine. Mto unajaa, maji yanakuwa tope tupu, mwenye akili anakaa mbali. Msimu huo ndio ulionipa hobby yangu: nakusanya vifaa vya zamani vya uvuvi.

Nina ndoana zilizofuliwa na mhunzi, chubwi za udongo za kuzamishia nyavu, vyelezo vya vibuyu vya kuzieleza, kafi iliyolika upande mmoja, na kibali cha uvuvi cha babu mzaa mama ambacho karatasi yake imegeuka njano. Kila kitu nimekifungia kikaratasi: kilikuwa cha nani, kimetoka wapi, nani kanipa.

Mke wangu, Mama Rukia, anakiita chumba hicho "stoo ya takataka zenye majina."

Sasa masika haya nilikwenda Mikumi kumjulia hali binti yangu aliyejifungua. Wakati wa kurudi nikapita kwenye vibanda vya barabara kuu, wanapouza vinyago na vikapu kwa wageni wanaotoka hifadhini.

Kibanda kimoja kilikuwa kimetundika mgono.

Kwa asiyejua, mgono ni mtego wa samaki unaosukwa kwa fito za mianzi, mfano wa kapu refu. Mdomoni una meno yanayoelekea ndani, samaki akishaingia hatoki. Mkiani kuna tundu la kumtolea. Tundu hilo tunaliziba kwa majani, tunafunga na kamba.

Mwenye kibanda ni mama mchangamfu, nimwite Mama Neema.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Huu mgono ni wa lini?"

"Huo wa kale, baba. Zama za Mjerumani. Bibi yangu mwenyewe aliukuta."

Nikaunusa. Hapa niseme kidogo kwa wanaopenda vitu vya zamani: mgono wa kale unanuka vumbi, na samaki kwa mbali sana. Huu ulinuka jiko la jana. Nikakwaruza ufito mmoja kwa ukucha. Chini ya masizi ukatoka weupe wa mwanzi mbichi.

"Bibi yako ana bahati," nikamwambia. "Mjerumani kaondoka zamani, mwanzi wake haujakauka."

Jirani wa kibanda akacheka mpaka akashika meza. Mama Neema hakucheka.

"Mzee, wewe ni wa maliasili au wa kodi?"

"Ni mzee tu."

"Wazee tu hawakwaruzi bidhaa za watu."

Nikaugeuza ili niurudishe kwenye msumari wake. Hapo ndipo nilipouona mkia.

Haukuzibwa kwa majani. Ulikuwa na kifuniko kidogo cha duara, kimesukwa, kimeshikizwa kwa kitanzi. Na mafundo yote, kuanzia mdomoni hadi mkiani, yalikuwa yamelala kushoto.

Wakuu, nilikaa kwenye kigoda cha Mama Neema bila kukaribishwa.

Mafundo hayo nimewahi kuyaona kwa mtu mmoja tu. Kaka yangu Shabani, aliyenitangulia kuzaliwa.

Kaka anatumia mkono wa kushoto. Baba alimkataza kuutumia kwenye chakula, akamkataza kwenye kuandika, lakini kwenye kusuka mgono alimwacha. "Samaki hawaulizi," alikuwa akisema. Na kile kifuniko alikibuni kaka mwenyewe tukiwa wadogo.

Sikuwa nimemwona kwa zaidi ya miaka thelathini. Sababu ni mimi, na ninaieleza kwa aibu.

Kiangazi kimoja mgono wangu ulikuwa mtupu asubuhi nne mfululizo. Kizibo kipo mahali pake, kimefungwa vizuri. Ila fundo la kamba limelala kushoto, na mimi nafunga kulia.

Sikuhitaji shahidi mwingine. Huku kwetu kutegua mgono wa mwenzio ni jambo zito kuliko kumwibia kuku. Mtu wa namna hiyo hapewi tena nafasi mtoni.

Nilikuwa kijana, nimetoka chuoni, elimu imenipanda kichwani. Siku ya Ijumaa sikumwamkia kaka yangu shikamoo. Baada ya sala, watu wakiwa bado barazani pa msikiti, nikamsimamisha na msahafu mkononi.

Nikasema, "Apa kwamba mkono wako haujagusa mgono wangu."

Akanitazama. "Unaniapisha kwa ajili ya kambale?"

"Apa tu, yaishe."

Hakuapa. Watu wakainamisha vichwa, kila mtu akawa amepata jibu lake. Wiki haikuisha, kaka akafungasha, akaondoka na mkewe bila kuaga.

Alipoondoka, mgono wangu uliendelea kuwa mtupu. Tofauti ilikuwa moja: sasa kizibo nilikikuta kinaelea majini, na tundu liko wazi.

Nikajua kuna mahali nimekosea. Sikujua ni wapi. Nilimtafuta Ifakara, nikamtafuta Kilombero yote, sikumpata. Mwishowe mtu akaleta habari kwamba amefariki. Tukamsomea hitma. Nililia, nikaomba msamaha kwa mtu asiyeweza kunijibu.

Na sasa mikono ya marehemu huyo ilikuwa imesuka mwanzi mbichi.

Nilimuuliza Mama Neema aliyemletea mgono ni nani. Akasema ni wa bibi yake. Nikamwambia nataka kumjua msukaji tu. Akasema, "Mzee, unanunua au unapeleleza?" Nikanunua, nikapanda basi la Kilosa nimeupakata kama mtoto.

Nyumbani Mama Rukia aliusikiliza mkasa wote, akauzunguka ule mgono mara mbili.

"Baba Rukia, mwaka jana si uliweka picha za mgono wa marehemu baba huko kwenye jukwaa lenu?"

Ni kweli wakuu, niliweka humu humu. Nikasimulia na habari za kaka, na mkono wake wa kushoto, na kifuniko chake.

"Basi," akasema. "Mtu kasoma, kasuka, katundika barabarani unapopita. Wiki ijayo utapigiwa simu: kaka yako yuko hospitali, tuma hela kwenye namba hii."

Nilimkasirikia. Lakini nilipotulia nikaona ana hoja. Vitu vya kale vinaigwa kila siku, na aliyepaka mwanzi masizi akamsingizia Mjerumani atashindwa nini kumfufua kaka yangu?

Nikaanza kuwatilia shaka watu. Jirani aliyezoea kuniuliza habari za mkusanyiko wangu, nikamjibu kwa mkato. Member mmoja humu aliyewahi kuniomba picha zaidi kwa PM, nikamwacha bila jibu. Ndugu yangu, kama unasoma, nisamehe.

Ila nilikumbuka jambo moja. Kwenye ule uzi nilieleza kwamba kaka aliweka kifuniko. Sikueleza kwa nini.

Nikarudi Mikumi.

Mama Neema aliponiona tu akaanza kufunika bidhaa zake.

"Mwanangu, moshi wako ni kati yako na Mungu," nikamwambia. "Mimi nina swali moja kwa anayekusukia. Mpigie, niulize, niondoke."

"Na ukiondoka hurudi?"

"Labda nirudi kununua."

Akapiga, akaweka loud speaker. Ikaita sana. Ikapokewa na mtu anayekohoa.

"Mzee, kuna mteja hapa msumbufu. Anauliza kwa nini unaweka kifuniko mkiani badala ya majani."

Yule mtu akacheka kidogo. "Mwambie kulikuwa na siku nyumbani kwetu alikuja shehe mgeni. Baba kamwahidi kambale mkubwa, yuko kwenye mgono anamsubiri. Kwenda, kambale kasukuma majani, kaondoka. Shehe akala mlenda. Baba alitununia mwezi mzima." Akakohoa. "Nani anauliza?"

Simu ilikuwa mezani, kati ya vinyago viwili vya twiga. Nikainama.

"Shikamoo kaka."

Nikasikia anavuta pumzi.

Simu ikakatika.

Mama Neema akaangalia kioo, akaniangalia mimi. "Mtandao wa Malolo anakokaa unasumbua sana," akasema. Alisema kwa upole, na nikajua haukuwa mtandao.

Wakuu, ninyi mnajua shikamoo ilivyo kwetu. Haiachwi hewani. Hata kama mmegombana, mkubwa akiamkiwa anaitika. Asipoitika amekuambia kitu ambacho matusi hayawezi kukisema.

Nikarudi nyumbani nikiwa na shaka mpya: labda ni yeye, lakini kwake mimi ndiye niliyekufa. Nikamwambia Mama Rukia kwamba sitakwenda kumsumbua mtu aliyenikatia simu.

Mke wangu akaniangalia kama ninavyomwangalia mwanafunzi mzito. "Tapeli hakati simu, Baba Rukia. Huyo ni shemeji yangu. Nenda."

Nikaenda Malolo. Gari la njia ya Iringa, kisha bodaboda, kisha miguu. Kila niliyemuuliza "mzee wa migono" alinyoosha kidole mbele.

Nilimkuta kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba yake anapasua mianzi. Amekonda, ndevu nyeupe, kisu mkono wa kushoto.

"Shikamoo kaka."

Hakuinua macho. "Umekuja na msahafu?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, si kwa hilo. Nikasema, "Nimekuja peke yangu."

Akaendelea kupasua. Baadaye akanisogezea ncha ya mwanzi mrefu. "Shika hapo." Nikashika. Akapasua mpaka mwisho, akachukua mwingine, nikashika na huo. Tukaenda hivyo mianzi kama mitano hivi.

Kisha nikasema, "Kaka, nakuuliza. Sikukuuliza wakati ule. Asubuhi zile nne, ilikuwaje?"

Kisu kikasimama.

"Fisi maji," akasema. "Alikuwa anang'oa kizibo, anakula samaki wako, anakwenda zake. Nikipita alfajiri nakuta mgono wako uko wazi, naufunga. Siku ya nne nikakaa kumvizia, nikamwona."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nije nikwambie Ijumaa baada ya sala."

Niliuweka chini mwanzi niliokuwa nimeushika.

"Na kuapa, kaka? Ungeapa tu watu wakuamini."

"Uliniambia niape mkono wangu haujagusa mgono wako." Akanyoosha ule mkono wa kushoto, akautazama. "Uligusa. Mara nne. Ulitaka niape uongo juu ya msahafu ili nikufurahishe?"

Wakuu, nimefundisha watoto maana ya kiapo miaka yote hiyo. Msomi nilikuwa mimi, lakini aliyekiheshimu kiapo ni yeye. Wangapi pale barazani wangekubali kupoteza mto wao, nyumba yao na jina lao kuliko kuapa neno moja lisilo kweli?

Nililia pale chini kama mtoto. Kaka hakunizuia wala hakunibembeleza. Aliniacha nimalize.

Mkewe akaleta ugali na mlenda. Kaka akauangalia mlenda, akaniangalia. "Kambale ametoroka tena," akasema. Tukacheka, na machozi bado yapo.

Nikamuuliza kuhusu zile zama za Mjerumani. Akasema, "Mimi nauza mitego. Moshi ni wa Mama Neema." Nikamwambia amkataze. Akasema atamkataza, na amenitumia ujumbe juzi kwamba amemkataza, ingawa Mama Neema naye anadai wageni hawapendi mgono mweupe. Hilo bado tunalo.

Alasiri ilipoingia tukatawadha. Akanisukuma mbele. "Salisha wewe, ndiye msomi." Nikakataa, nikarudi nyuma yake. Akasalisha yeye, takbira zake kwa sauti ile ile ya baba.

Tulipomaliza akageuka, akanipa mkono. Akaushika wangu bila kuuachia.

"Marahaba," akasema. "Ya leo, ya kwenye simu, na ya Ijumaa ile."

Ule mgono sasa umetundikwa mbele kabisa katika stoo yangu. Kikaratasi chake nimeandika: "Mpya. Umesukwa na kaka Shabani, Malolo. Moshi si wa kwake." Ijumaa iliyofuata nilisimama barazani pale pale nikaeleza yote. Wengi waliokuwepo siku ile wameshazikwa. Niliwaeleza waliobaki, na watoto wa waliokufa.

Funzo nililopata ni kwamba shaka si dhambi ukiitumia kuuliza. Niliponusa moshi nilikuwa sahihi. Mama Rukia alikuwa sahihi kuhofia matapeli. Kosa langu la zamani ni kwamba nilikuwa na jibu kabla ya swali, na alama niliyoifanya ushahidi wa wizi ilikuwa alama ya mtu anayenifungia mtego wangu usibaki wazi.

Wenye uzoefu wa vitu vya kale, nifundisheni namna nyingine za kutambua vilivyopakwa moshi. Na aliyewahi kumtuhumu ndugu yake kisha akakuta mambo sivyo, atuambie alirudi vipi. Nitasoma zote, polepole, miwani yangu ni ya zamani.

Uliyefika mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akupe riziki ya halali na umri wenye kheri. Na kama kuna mtu hujamwamkia muda mrefu, akujaalie umkute hai, akuitikie.