Kizibo Cheupe cha Dobi

Wazazi walimwita Mama Pua, naye hakujisumbua kulikataa jina hilo. Kila asubuhi, kwenye mlango wa shule ya awali, mlezi huyo alifungua chupa ya kinywaji ya kila mtoto na kuinusa kabla ya kumruhusu mwenyewe aingie. Foleni ilirefuka. Waliokuwa wakiwahi kazini walisonya.

"Leo umenusa nini, Mama Pua?"

"Uvivu wako wa kuosha chupa," alijibu bila kuinua macho.

Zamani alikuwa msafishaji katika wodi ya watoto. Alipiga deki chini ya kitanda cha mtoto aliyekunywa mafuta ya taa kutoka kwenye chupa ya soda, huku mama mtu akirudia sentensi ileile: "Niligeuka kidogo tu." Tangu hapo hakuwa na subira na watu waliogeuka kidogo tu.

Asubuhi moja, dobi wa nyumba ya nyuma ya shule alimleta binti yake. Mlezi alifungua chupa ya juisi ya mtoto, akarudisha uso nyuma.

"Baba, hii ni dawa ya kung'arishia nguo."

Dobi alinusa, akatikisa kichwa. "Haiwezekani. Dawa naifunga kwa kizibo chekundu, juisi kizibo cheupe. Hata mtoto anajua."

"Mtoto yupi? Huyu, au yule mdogo uliyemwacha nyumbani?"

Dobi alikitazama kizibo cheupe mkononi mwa mlezi. Kisha akasema polepole, "Jana mama yao aliviosha vizibo vyote pamoja, akavifunga tena."

Mlezi alimwachia mwalimu mlango. Yeye na dobi walikimbia hadi nyumba ya nyuma.

Chupa za juisi zilipangwa chini ya meza ya kupigia pasi, kimo cha mtoto anayejifunza kutembea. Mvulana alikuwa akilia, shati limelowa kifuani, chupa yenye kizibo cheupe ikiwa wazi miguuni pake. Shangazi yake alikuwa amemwinamisha gotini, kidole tayari kinywani mwake.

"Toa kidole hicho," mlezi aliamuru.

"Lazima atapike, dada yangu."

"Ilimchoma ikishuka, itamchoma tena ikipanda. Toa."

Alimsuuza mtoto kinywa kwa maji safi, akamvua shati, akaibeba ile chupa ili daktari ajue alichokunywa. Njiani kuelekea hospitali dobi alijitetea.

"Madobi wote tunapunguzia dawa kwenye chupa hizi. Zinakaa vizuri mkononi."

"Mkononi mwa mtoto pia zinakaa vizuri."



Mtoto alikuwa amemeza kidogo. Kinywa na koo vilibabuka, akalazwa, kisha akarudi nyumbani akiwa mzima, ingawa kwa muda alilia kila alipoonyeshwa kikombe. Dobi aliiacha dawa yote kwenye dumu lake la awali na kulifungia kabatini, juu, mahali ambapo yeye mwenyewe alihitaji kigoda kulifikia.

Siku aliyomrudisha binti yake shuleni, mtu mmoja kwenye foleni alisonya. "Mama Pua, tunachelewa."

Dobi aligeuka, akamtazama mpaka mtu huyo akainamisha kichwa. Kisha akaifungua chupa ya binti yake, akanywa funda moja mbele ya mlezi, akamkabidhi.

Mlezi aliipokea. Akainusa hata hivyo.

"Ingia, mwanangu," akamwambia mtoto. Baba hakuambiwa kitu.