Sauti ya Treni ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu, mwalimu mstaafu wa Muleba, ana treni ndogo ya umeme aliyoachiwa na padri Mzungu aliyerudi kwao. Inazunguka juu ya meza ya sebuleni, inapiga honi, inahema kama mtu anayepanda mlima. Mkoani kwetu hakuna reli. Majirani wengi sauti ya treni wameisikia hapo tu. Kwa miaka saba fundi wake nilikuwa mimi. Nilibadilisha betri ya sauti, nikasafisha magurudumu kwa spiriti, nikagundisha spika iliyochanika. Nikifika, mzee alisema, "Daktari huyo!" Nami nikavimba kichwa.

Krismasi iliyopita treni ikawa bubu. Ilitembea, lakini kimya. Niliifungua nikakuta ukungu wa kijani: betri niliyoisahau humo ilikuwa imevuja. Nikamwambia mzee kadi ya sauti imeungua. Ya betri sikuyataja.

Mke wangu ni fundi simu mtaani Kashai. Aliichukua, akaiweka chini ya lenzi yake, na siku ya pili ikapiga honi mezani kwetu.

"Haikuungua, baba watoto. Maji ya betri yamekula njia moja tu ya umeme. Nimeiunga kwa waya."

Tulipoirudisha, mzee alimshika binti yake mikono yote miwili, akamshukuru kwa kilugha. "Wakola, mwanangu! Wakola!" Mimi nilisimama mlangoni na mkungu wa ndizi begani, hakuna aliyekuja kunipokea.

"Hiyo haitadumu," nilisema.

Ilidumu.

Pasaka tukiwa kwa mzee, wenzangu walipokwenda misa, nilisingizia mafua. Nikakata ule waya wake, mwembamba kama unywele, ili niweke wangu na kazi iwe yangu. Mkono ukatetemeka, kipande cha kadi kikabanduka. Walinikuta bado nahangaika.

"Imekuwaje?" mzee aliuliza.

"Nimeiharibu mimi. Na ile mara ya kwanza pia ni mimi, betri niliisahau ndani."

Mke wangu alivuta kiti, akachukua vifaa vyangu mkononi mwangu.

"Nishikie tochi."

Nikashika. Vidole vyake vilitulia palepale vyangu vilipotetemeka, na hata wakati huo, nikiwa na hatia yote ile, nilimwonea wivu. Honi ikalia. Mzee akacheka, akimtazama yeye.

Siku hizi treni ikigoma, mzee anampigia binti yake. Nikisikia wanaongea, natoka nje mpaka wamalize.