Alama 925 Ndani ya Pete

Pasta alivua pete yake mbele ya kanisa lote la Tulia, akanionyesha ndani. "Mama Mwende, soma." Nikasoma 925. Mkewe naye akavua yake. 925. Mimi bado nilikuwa nimeshika mkono wa Nzioka, mtu aliyenitoa kwa gari siku ya ajali, na nilikuwa nimeshamwita mwizi wa kuvua maiti pete.

Pete zetu za harusi tulinunua kwa Mutua, soko la Mbumbuni. Alituambia amezitengeneza mwenyewe, na hiyo 925 ni alama yake, hakuna fundi mwingine anayo. Mimi nimezaliwa Ikutha, na kwetu kila ukoo unachoma ng'ombe wake alama yake, kwa hivyo niliamini. Mume wangu alipokufa kwa ile ajali, tulimzika bila pete. Sasa Jumapili baada ya ibada Nzioka akavua yake anawe mikono tukale, nikachungulia ndani, nikaona 925. Akili ikaniisha.

"Hiyo inaonyesha ni silva tu, mama," pasta akasema polepole. "Karibu pete zote za silva ziko nayo."

Kwaya ikacheka. Nzioka hakucheka. "Siku ile nilikufunika na koti langu," akaniambia.

Nzioka nimemwomba msamaha. Lakini wewe Mutua, uje kanisani urudie ulichotuambia. Na yule aliyemvua mume wangu pete akiwa amelala kwa lami ajibu pia, kwa sababu sasa sina alama ya kumjua nayo.